Wachora katuni wanamfundishaje mtu kuchora? Wenye uzoefu njooni, nina vijana hapa Mtwara

FundiMabango
Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi wa mabango hapa Mtwara mjini, naandika maduka, bajaji, magari ya shule, na vile vichwa vya saluni za kiume ambavyo kila mtu anavicheka ila wateja wanalipa. Sasa kuna vijana wanakuja kibandani kwangu upande wa Chikongola kila Jumamosi, wengine wapo sekondari, wengine wamemaliza wapo wapo tu, na wote wanataka katuni. Mabango hawayataki, wanataka hadithi yenye fremu na watu wanaongea. Mimi herufi naziweza hata ukiniamsha usiku, lakini hadithi ya picha sijafundishwa popote.

Nikawauliza nyie mmejifunzia wapi, jibu ni moja, kila mtu ana mchoraji wake anamfuatilia. Mmoja anamwiga Masoud Kipanya mchora katuni, mwingine anachora yale macho makubwa ya Kijapani, mwingine ana Sani, yale magazeti ya katuni, za baba yake mchwa wamekula nusu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa na mchoraji akamwelekeza. Na wanachora jamani, siyo utani.

Swali langu ni hili, hawa wachoraji wakubwa wanawafundisha nini hasa watu ambao hawajawahi kuonana nao? Na je niwaache waige au niwakataze waanze na vitu halisi, chupa, kiti, mkono? Maana yule anayeiga anachora vizuri kile kile tu, ukimwambia nichoree mama anauza samaki pale feri anakwama anaanza kufuta mpaka karatasi inatoboka.

KoroshoGhafi
Siti ya mbele kabisa. Ila mkuu umeruka swali la kwanza, watakula nini 😂

WinoMweusi
Acha waige mkuu. Mimi ni wa Lindi, nimekulia Ndoro, na enzi zetu gazeti la katuni lilikuwa linafika kwa kuchelewa, masika ndiyo usiseme maana Daraja la Mkapa pale Rufiji limefunguliwa 2003, kabla ya hapo mvua ikikolea Lindi tunakuwa kama kisiwa. Sani moja ilikuwa inasomwa na mtaa mzima mpaka jalada linatoka, halafu ndiyo inanifikia mimi wa mwisho, na mimi sisomi, nachora. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, wale wote nimewachora mpaka kwenye mlango wa choo nikala bakora.

Sasa sikiliza kitu ambacho vijana wako hawakijui. Aliyewaanzisha wale wahusika ni Philip Ndunguru, na Ndunguru alifariki 1986 akiwa bado kijana mdogo kabisa. Lakini wahusika hawakufa naye, waliendelea kuchorwa na mikono mingine miaka na miaka. Maana yake mimi kule Ndoro nilikuwa namwiga mtu ambaye na yeye alikaa akamwiga Ndunguru mpaka msomaji asigundue kuwa mkono umebadilika. Hiyo ndiyo shule yenyewe. Gazeti zima liliendeshwa na watu waliojua kuiga kwa akili, halafu leo tunawaambia watoto kuiga ni dhambi?

Na ukisema wamefundisha nini, kitu kikubwa nilichopata mimi ni mwili. Yule mtu unamjua kwa mbali kabla hujasoma neno, kwa jinsi alivyosimama, tumbo lilivyo, miguu ilivyokaa. Jaribu kumpaka mhusika mweusi wote abaki kivuli kitupu, kama bado unamtambua basi mchoraji alifanya kazi. Hakuna aliyeniambia hilo, niligundua siku nimemwagia wino ukurasa.

MwlWaNewala
Naomba nipinge kidogo kaka WinoMweusi kwa heshima zote. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Newala, siyo wa sanaa ila ndiyo wananiletea wao. Shida ya kuiga naiona kila siku kwenye madaftari. Kuna kijana alichora mkono kwenye mtihani wa baiolojia ukatoka na vidole vinne, vinne mkuu! Kwa sababu katuni anazoziangalia zina vidole vinne na yeye hajawahi kuangalia mkono wake mwenyewe ulioshika kalamu. Wachoraji walipunguza kidole kwa sababu zao, kuokoa muda, mkono usionekane umejaa, lakini walikuwa wanajua cha tano kiko wapi. Mtoto anarithi njia ya mkato bila kuijua barabara.

Kwa hiyo FundiMabango mimi nasema anza na kiti. Anza na mkono. Katuni itakuja.

WinoMweusi
Mwalimu nimecheka hapo kwa vidole. Lakini ukianza na kiti Jumamosi ya kwanza, Jumamosi ya pili unabaki wewe na kiti.

KoroshoGhafi
😂😂😂 uzi umeshapata mwenyewe

DadaMikindani
Jamani mimi ndiyo hao wa macho makubwa, msitukalie kooni. Nachorea simu, app ya kuchorea ya Ibis Paint, kidole tupu, kalamu ya simu nimekuja kuipata juzi juzi.

Nataka niwaeleze hii ya Wajapani maana watu wanaiona ni mitindo ya nywele tu. Mchora katuni wao Osamu Tezuka, aliyezaliwa 1928, alisomea udaktari kabisa lakini akaamua kuchora. Yule watoto walikuwa wanamsoma halafu wanamtumia kazi zao. Mmoja anaitwa Shotaro Ishinomori, bado yupo sekondari kijijini Tezuka akamwita amsaidie kazi, baadaye na yeye akawa mchoraji mkubwa mno. Halafu kulikuwa na nyumba ya kupanga Tokyo inaitwa Tokiwa-so, Tezuka alikaa pale miaka ya 50, alipohama chumba chake wakachukua vijana wawili waliokuwa wanamhusudu, wale waliokuja kujulikana kama Fujiko Fujio, na wachoraji wengine wadogo wakajazana vyumba vya jirani. Wanakopeshana wino, wanasaidiana kumaliza kurasa tarehe ikikaribia, wanasemana. Vyumba vyenyewe vidogo, choo cha pamoja, yaani uswahilini kabisa.

Kwa hiyo FundiMabango usidharau kibanda chako. Tezuka aliwavuta kwa kazi zake lakini waliponolewa ni pale walipokaa pamoja.

Tahadhari moja kwa vijana wa simu. Zile video za mtu anachora kwa kasi, dakika moja picha imeisha, zinatia hamu kweli ila hazifundishi, unamaliza bando unaona umejifunza kumbe umeangalia. Bora mchoraji anayechora polepole anaongea, anakosea unamwona anarudi nyuma. Jim Lee, huyu wa Marekani wa masupahiroo, huwa anachora laivu kabisa na watu wanamuuliza maswali, anaonyesha anavyoshika kalamu, anavyokwaruza tu ovyo mwanzoni. Mimi kitu kilichonifungua ni kuona rafu, yaani mchoro wa kwanza wa kukwaruza, ya mtu mkubwa ni mbaya vile vile kama yangu.

MpingoMweusi
Nimesoma kimya kimya ila hapa pa kukaa pamoja nimeguswa. Mimi natoka familia ya wachongaji upande wa Masasi. Kwetu mtoto hapewi gogo la mpingo aanze kuchonga sanamu ya shetani, anapewa msasa. Anapiga msasa kazi za mjomba mpaka vidole vinajua lilipo bega na ulipo mgongo, baadaye anapewa vijiti vidogo, baadaye ndiyo patasi. Nilivyosoma habari za wasaidizi wa Kijapani nikakuta ni yale yale, msaidizi anaanza na kujaza weusi, kuchora mistari ya fremu, majengo ya nyuma, uso wa mhusika mkuu hagusi.

Na mnaongelea Tokyo wakati msanii George Lilanga ni wa Masasi hapa hapa, kijiji cha Kikwetu, amezaliwa 1934. Alianza na kuchonga, akaenda Dar, akaingia Nyumba ya Sanaa miaka ya 70, mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Marekani. Angalia picha zake za rangi, wale mashetani wenye masikio makubwa na midomo inayoning'inia, mstari mnene unazunguka kila umbo, wanapiga soga, wanacheza ngoma, mwingine anamcheka mwenzake. Wenye elimu yao wanaiita sanaa ya kisasa na wana haki, ila mpe mtoto anayejifunza katuni akae nayo nusu saa uone atakachorudi nacho. Mtu hasimami wima hata mmoja, kila kiungo kina kazi.

Mchoraji Edward Tingatinga naye ni jirani yetu tu hapo Tunduru, na mtindo wake umesambaa kwa ndugu kukaa na ndugu, huyu anachora yule anaangalia. Kusini tunao watu jamani, tuache kujishusha.

KoroshoGhafi
Sawa mashetani tumeyaona, narudi kwenye hoja yangu ya ugali. Korosho msimu ukifika najua mnada ni lini na AMCOS yangu, chama cha ushirika cha wakulima, ni ipi. Huyu mchora katuni anauza kwa nani?

ZamaniGazetini
KoroshoGhafi swali lako siyo la utani na ngoja nilijibu mimi niliyeula huo ugali. Nimechorea magazeti Dar miaka kadhaa kabla sijarudi kwetu Nachingwea. Kuna gazeti moja sitalitaja lilikaa na hela zangu mpaka likafa na hela zikafa nalo. Kwa hiyo sitawadanganya vijana. Lakini kazi zipo ambazo siyo gazeti. Mashirika ya afya, ya kilimo, ya watoto, yanataka vijitabu vya picha, mabango ya kuelimisha, na wakija huku wanaleta mchoraji kutoka Dar kwa sababu hawajui kama yupo wa huku. Shujaaz, katuni ya vijana, ilianza Kenya 2010 ikaja na Tanzania, vijana walikuwa wanapata elimu ya biashara na kilimo ndani ya hadithi. Hata jeshi la Marekani, kuanzia 1951 lilikuwa na jarida la mchora katuni Will Eisner la kuwafundisha askari namna ya kutunza magari na mitambo, kwa katuni. Mzee Eisner huyo huyo baadaye akafundisha chuo pale New York na 1985 akatoa kitabu kinachoeleza kazi nzima, fremu inafanya nini, muda unapitaje kwenye karatasi.

Na wapo wenye akili ya kutoka nje ya karatasi. Gado mchora katuni, mtoto wa Dar kabisa, alikwenda Nairobi 1992 kuchorea gazeti la Nation na baadaye akaanzisha kipindi cha vikaragosi vya viongozi kwenye TV. Kipanya anachora, anatangaza redio, 2022 akatoka na gari la umeme, hapo sijui mnataka kuchora kuwe na faida gani zaidi.

Sasa turudi kwenye kufundisha, FundiMabango chukua hii. Vijana wote wanaoanza wanakosea sehemu moja, wanachora picha nzuri kwanza halafu maneno wanayabana juu yanakosa pa kukaa. Kiswahili kinakula nafasi, sentensi ya kawaida tu ya mama kumgombeza mtoto inajaza robo ya fremu. Kwa hiyo andika maneno KWANZA. Kwa herufi kubwa, zenye nafasi, halafu zungushia duara lake, halafu ndiyo uangalie imebaki nafasi gani ya watu. Wewe herufi unaziweza kuliko sisi wote, hapo ndipo pa kuwashika, herufi ni nusu ya hii kazi.

Na anayeongea kwanza akae kushoto. Ukimweka kulia, mikia ya yale maduara inapishana msomaji anaanza na jibu kabla ya swali. Kitu kidogo lakini ndicho kinachofanya mtu aseme hii hadithi sijaielewa wakati picha ni nzuri.

FundiMabango
Mzee ZamaniGazetini ubarikiwe sana. Hapo kwenye herufi umenitia moyo maana nilikuwa najiona sina cha kuwapa.

MwlWaNewala
Mzee shikamoo. Naomba nikuulize wewe uliyekuwa ndani, ulijifunza kwa kuiga au kwa kuangalia vitu?

ZamaniGazetini
Marahaba mwalimu. Vyote, ila kwa mpangilio ambao mhariri wangu wa kwanza alinilazimisha nao na nimeutumia kwa kila kijana aliyekuja kwangu. Chora ukiwa unaangalia gazeti. Funga gazeti. Chora tena kutoka kichwani. Fungua, linganisha, na pale palipoharibika ndipo ambapo hukuelewa, siyo mkono wako mbaya, ni kwamba uliangalia bila kuona. Mara nyingi ni bega na kiwiko. Sasa hapo nenda kwa mtu halisi, mwambie mwenzako ainue mkono, angalia bega linakwenda wapi. Rudi kwenye gazeti utamwona mchoraji alifanya nini, alikata nini, aliacha nini. Baada ya hapo mchore yule yule mhusika akiwa anafanya kitu ambacho mwenyewe hakumchora hata siku moja, anapanda mkorosho, anasukuma bodaboda iliyoisha mafuta kwenye mchanga. Akikubali kusukuma bodaboda basi umemwelewa. Akikataa ulikuwa unadurufu tu.

Kwa hiyo wewe na WinoMweusi mnagombania mguu wa kushoto na wa kulia.

Mchora katuni mmoja wa Marekani, Wally Wood, alifariki 1981, alikuwa na wasaidizi wake, akawachorea fremu za kutoka nazo pale ambapo hadithi ni watu wawili wanaongea tu kurasa nzima. Kichwa kikubwa karibu, mtu kivuli kitupu mbele ya mwanga, mwonekano wa juu, wa chini, mkono tu na kikombe. Baadaye msaidizi wake Larry Hama akazikusanya kwenye karatasi moja, fremu 22, mpaka leo wachoraji wanazibandika ukutani. Mzee wala hakuwa anafungua darasa, alitaka kazi iishe. Na Joe Kubert, mchora katuni mwingine, yeye 1976 akafungua shule kabisa New Jersey, wanafunzi wanafundishwa na watu ambao asubuhi wameamka na kazi ya kukabidhi, siyo walioacha kuchora zamani. Hilo la mwisho naliona la maana kuliko majengo.

DadaMikindani
Hii ya kufunga gazeti naanza leo usiku wallahi.

MamaWawiliLigula
Habari zenu jamani. Mimi ni mzazi tu, nimeona huu uzi kwa bahati. Mwanangu yupo kidato cha pili, daftari la hisabati mwanzo hesabu, nyuma yote watu wanapigana. Baba yake anasema ni uvivu. Mimi naona ana kitu ila naogopa, nikimruhusu si ndiyo atafeli kabisa? Na hivi wasichana nao wanakuja hapo kibandani au ni wavulana watupu, maana mdogo wake naye kaanza.

MwlWaNewala
Dada yangu usichane hilo daftari. Mnunulie lingine la kuchorea, mwambie hili la hesabu libaki la hesabu. Nimeona watoto wawili wamechaniwa, na hesabu hawakupanda hata mmoja.

FundiMabango
Mama karibu sana. Wasichana wapo wawili, mmoja ndiyo anaongoza kwa sasa kwa kuchora nguo, mikunjo ya khanga anaijua kuliko mimi.

Wakuu nirudi na mrejesho. Jana nimejaribu ya mzee. Nimewaambia hakuna picha mpaka maneno yawepo, wakanuna. Yule wa Kipanya alikuwa na hadithi yake ya mnada wa korosho, mzee anasubiri bei, mnunuzi amevaa suti, kila fremu watu wamesimama sawa sawa kama picha ya pasipoti na maneno yamebanwa juu mpaka nusu yamekatika. Akaandika upya maneno kwanza. Nusu ya maneno akayatupa mwenyewe bila kuambiwa, maana alipoona nafasi inavyoisha akagundua mzee hana haja ya kusema "nimekasirika", inatosha ashike kofia kwa mikono miwili. Hiyo kofia sikumwambia mimi. Halafu fremu ya mwisho akaweka mizani tu imejaa gunia na kidole cha mtu kinaisukuma kwa pembeni, hakuna uso hata mmoja. Nikamuuliza hiyo umeitoa wapi, akasema kuna katuni aliwahi kuiona mchoraji alichora viatu tu na watu wote wakajua ni nani.

Ila wa macho makubwa amegoma kuangalia bega la mwenzake, anasema kwao mabega hayahitajiki 😄

DadaMikindani
Mwambie mimi nimesema yanahitajika! Wale jamaa wanaanza na mifupa ndiyo wanakuja kwenye macho. Nitakuja Jumamosi kama daladala za Mikindani hazitanichelewesha nimwonyeshe rafu zangu.

KoroshoGhafi
Hiyo ya kidole kwenye mizani naitaka. Siyo utani. Nibandike ofisini kwenye chama chetu cha msingi, siku ya kupima tuone nani atakuwa wa kwanza kuiondoa. Kijana anataka shilingi ngapi?

ZamaniGazetini
FundiMabango usimwache aseme "chochote tu mkuu". Mpe bei wewe, mabango yako si una bei? Na asaini jina lake pembeni chini, lisomeke.

FundiMabango
Nimekuelewa mzee. KoroshoGhafi nakuja PM tuongee bei, na ni ya kulipa kabla, siyo baada ya malipo ya mnada 😂

Mama wa Ligula mlete kijana na mdogo wake Jumamosi saa tatu. Waje na penseli HB na daftari lolote lisilo na mistari, makapeni na karatasi za manila zipo hapa. Raba waache nyumbani. Na hilo daftari la hisabati aje nalo, nataka kuona hao wanaopigana wamesimamaje.